Mbona Nasi Tunakufa Kama Wao?

Jumapili ya Tatu ya Kwaresima, Mwaka C (Lk 13:1-9)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo inaanza na habari za misiba miwili. Wa kwanza ni wa Wagalilaya waliouawa kwa amri ya Pilato, damu yao ikachanganyika na damu ya sadaka zao. Wa pili ni wa watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, wakafa. Msiba wa kwanza uliletwa na ukatili wa mtawala. Wa pili ni mnara ulioporomoka tu. Lakini swali lililokuwa mioyoni mwa watu lilikuwa moja, nalo ndilo tunalolinong'ona hata leo tuketipo kwenye jamvi la matanga: hawa walikosa nini?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi. Namkumbuka mama mmoja aliyefiwa na binti yake wa pekee, msichana wa kwaya. Tulipokwisha kuzika, mama yule alinishika mkono akaniambia, "Padre, mwanangu hakukosa misa hata Jumapili moja. Wako majirani zetu wasioujua mlango wa kanisa, na watoto wao ni wazima. Basi kusali kulimfaa nini?" Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Nilinyamaza, nikaketi naye.

Leo nataka tulitazame swali la mama yule kwa msaada wa Mkristo mmoja wa Afrika, aliyeulizwa jambo hilo hilo zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, wakati mji wake ulipokuwa umejaa maiti. Naye ni Mtakatifu Sipriani, Askofu wa Karthago. Jina lake si geni kwetu, kwa maana Padre anaposali Sala ya Ekaristi ya Kwanza pamoja na majina yote ya watakatifu, humtaja Sipriani sambamba na Papa Kornelio. Jina tunalisikia, habari zake wengi wetu hatuzijui.

Karthago ulikuwa mji mkubwa wa pwani ya kaskazini ya Afrika, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis, nchini Tunisia. Ulitawaliwa na Warumi, ukawa na bandari na biashara nyingi. Humo Sipriani alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema, mtu mwenye mali na heshima. Aliupokea Ukristo yapata mwaka 246, akiwa mtu mzima, akagawa sehemu kubwa ya mali yake kwa maskini. Miaka kama miwili tu baadaye waamini wakamtaka awe askofu wao.

Hakukaa kwa raha. Mwanzoni mwa mwaka 250 amri ya Kaisari Decius ilianza kutekelezwa katika dola nzima: kila mtu atoe sadaka kwa miungu, kisha apewe hati ya kushuhudia kwamba ametii. Huko Roma Papa Fabiani alikufa shahidi tarehe 20 Januari mwaka huo. Huko Karthago Wakristo wengi waliikana imani, na wengine wakanunua hati bila kutoa sadaka. Sipriani mwenyewe alijificha, akaliongoza Kanisa lake kwa barua, na wako waliomsema kwamba mchungaji amelikimbia kundi. Alirudi mjini mwaka 251. Ninalitaja jambo hili makusudi, wapendwa, ili tujue kwamba mwalimu wetu wa leo hakuwa mtu asiyeijua hofu. Alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa kukimbia, na uchungu wa kusemwa.

Muda si mrefu baada ya kurudi kwake, yapata mwaka 252, ikaingia tauni. Ugonjwa huo ulikuwa umeanza kutembea katika dola ya Roma, nao ukaendelea kurudi huku na huku kwa zaidi ya miaka 10. Wanahistoria huuita Tauni ya Sipriani, kwa sababu yeye ndiye aliyeacha maelezo yake kwa maandishi. Wataalamu wa leo hawajapatana ni ugonjwa gani: wako wanaodhani ni ndui, na wako wanaodhani ni homa ya kutokwa damu. Mgonjwa aliharisha bila kukoma hata nguvu zikamwishia. Koo liliwaka kwa vidonda. Alitapika mfululizo, na macho yakajaa damu. Wengine miguu au viungo vingine vilioza. Waliopona, baadhi yao walibaki viziwi, au vipofu, au wasioweza kutembea vizuri.

Shemasi wake Pontius, aliyeandika maisha ya Sipriani, anatusimulia yaliyotokea mjini. Kila mtu alitetemeka na kukimbia. Watu waliwatoa nje jamaa zao wagonjwa, kana kwamba kwa kumtoa mgonjwa nje wangeweza kukitoa na kifo chenyewe. Maiti zilitapakaa njiani. Wala hawakukosekana waliofanya kuwa kufa ni kufaana: waliogopa kuingia nyumba ya mgonjwa ili kumpa maji, lakini hawakuogopa kuingia nyumba hiyo hiyo mwenyewe alipokwisha kufa, ili kuchukua mali.

Ndipo Sipriani alipowakusanya waamini wake. Aliwakumbusha huruma ya Mungu, kisha akawaambia neno lililokuwa gumu kulipokea. Kuwahudumia wagonjwa wetu tu, alisema, si jambo kubwa, maana hata wasiomjua Mungu huwatunza walio wao. Mkristo hana budi kufanya zaidi ya hapo: amtendee mema na mpagani, na adui, na yule aliyemtesa. Tukumbuke, wapendwa, kwamba dhuluma ya Decius ilikuwa imepita mwaka mmoja tu au miwili nyuma. Miongoni mwa wagonjwa waliolala njiani wangeweza kuwamo watu waliowashtaki Wakristo, waliowachukulia mali zao, waliowazomea barabarani. Askofu akasema: hao nao wahudumiwe.

Pontius anaeleza kwamba kazi zikagawanywa kwa kadiri ya hali ya kila mtu. Wenye fedha walitoa fedha. Maskini wasio na fedha walitoa nguvu zao, na kazi ya mikono yao ikawa na thamani kupita fedha. Katika miaka hiyo hiyo, washambuliaji walipowateka Wakristo wa Numidia, nchi jirani, Kanisa la Karthago lilichanga sarafu 100,000 za Kirumi ili kuwakomboa. Na huko Aleksandria, nchini Misri, Askofu Dionisi aliandika kuhusu tauni iliyoupiga mji wake kwamba mapadre, mashemasi na walei waliwauguza wagonjwa bila kujihurumia, wakawafumba macho waliokufa, wakawaosha na kuwazika, na wengi wao wakaambukizwa, wakafa vivyo hivyo.

Hapo ndipo swali lilipozuka, na hapo ndipo tunapokutana na mama yule wa parokia yangu. Wakristo wa Karthago walianza kunung'unika. Sisi tunamwamini Mungu wa kweli, walisema, tumebatizwa, tumeteswa kwa ajili yake. Mbona basi tauni inatuua sisi sawasawa na wapagani? Mbona nasi tunakufa kama wao?

Sipriani aliwajibu kwa hotuba ambayo baadaye iliandikwa, nayo ingalipo hata leo. Kwa Kilatini huitwa De Mortalitate, yaani Juu ya Hali ya Kufa. Jibu lake la kwanza ni la kushangaza kwa jinsi lilivyo wazi. Mkristo, anasema, hakubatizwa ili aepukane na mwili. Maadamu tumo duniani, mwili wetu na wa jirani yetu ni mmoja. Mvua ikikatika, shamba la Mkristo hukauka pamoja na la asiye Mkristo. Chombo kikipasuka mwambani, wote waliomo huzama. Jicho la mbatizwa huuma kama jicho la mwingine, na homa haiulizi cheti cha ubatizo. Anayemfuata Kristo kwa kutumaini kwamba ataepushwa na yawapatayo wanadamu, huyo hakuielewa safari aliyoianza.

Wapendwa, hebu tulipime neno hili. Kuna mahubiri mengi siku hizi yanayotangaza kinyume chake: kwamba mwenye imani ya kutosha hataugua, na akiugua atapona, na asipopona basi imani yake ilikuwa na kasoro. Mahubiri hayo humwongezea mgonjwa mzigo wa pili juu ya ule alio nao. Hakutoshi kwamba anaumwa. Sasa inambidi na kuona haya mbele ya Mungu. Bwana wetu alikwisha kuukata mzizi wa mawazo hayo. Alipowataja wale 18 wa Siloamu, alikataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Na yeye mwenyewe, asiye na dhambi, alikufa akiwa na umri wa miaka 30 na kitu, kifo cha aibu na cha maumivu makali. Kama kuteseka kungekuwa dalili ya kuchukiwa na Mungu, tungesema nini juu ya msalaba?

Jibu la pili la Sipriani ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani. Tauni hii, anasema, ni mtihani. Lakini angalieni ni nani anayetahiniwa. Si mgonjwa peke yake. Tauni inapima kama wenye afya watawahudumia wagonjwa. Kama ndugu watawapenda ndugu zao kama inavyowapasa. Kama mabwana watawahurumia watumwa wao wanaougua. Kama waganga hawatawaacha wagonjwa wanaowasihi. Maana yake, anayelala kitandani hayuko peke yake mbele ya swali la Mungu. Sisi tunaosimama mlangoni ndio tunaoulizwa. Wazee wetu walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tauni ya Karthago iliwaonyesha watu rafiki zao ni akina nani, na wengi wa hao walikuwa ni Wakristo ambao jana yake walikuwa wakiwindwa.

Sikusudii kusema kwamba kila neno la Sipriani ni jepesi kwetu. Aliwaambia waamini wasiwalilie mno wafu wao wala wasivae mavazi ya msiba, kwa kuwa hao wamekwisha kuvikwa nguo nyeupe mbinguni. Wafu wetu hawakupotea, alifundisha. Wametutangulia tu, na huko waliko wanatungojea kwa hamu. Ni fundisho la kweli, nasi Waswahili twalielewa kwa urahisi, maana hata lugha yetu husema juu ya marehemu kwamba ametutangulia. Lakini pengine mfiwa akilisikia neno hili kwa haraka atadhani kwamba machozi yake ni upungufu wa imani. Sivyo. Yesu alisimama kaburini kwa Lazaro rafiki yake, akalia, ingawa alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita atoke. Naye Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwingine wa nchi zile zile, alipofiwa na mama yake Monika huko Ostia mwaka 387, alijikaza kwanza asilie, akidhani haifai. Kisha akashindwa, akamlilia mamaye mbele ya Mungu, na baadaye akaliandika jambo hilo bila kuona haya katika kitabu chake cha Maungamo. Kwa hiyo tulie. Mkristo hulia kama wengine, lakini hulia akiwa na tumaini.

Je, huduma ile ya Wakristo iliwapatia shukrani za watu? Si kwa wote. Palikuwa na mtu mmoja wa Karthago, jina lake Demetrianus, aliyesema kwamba tauni, njaa na vita vyote vimeletwa na Wakristo, kwa kuwa hawaiabudu miungu. Sipriani alimjibu kwa maandishi. Lakini huduma kwa wagonjwa haikuwekewa sharti la kwanza kusifiwa.

Mwaka 257 Kaisari Valerianus alianzisha dhuluma mpya. Sipriani akakamatwa na kuhamishiwa Curubis, mji wa pwani ambao leo huitwa Korba. Mwaka uliofuata alirudishwa Karthago, na tarehe 14 Septemba 258 liwali Galerius Maximus akamhukumu kukatwa kichwa. Safari hii hakujificha. Alivua joho lake, akapiga magoti akasali. Aliagiza mnyongaji wake apewe sarafu 25 za dhahabu. Waamini wakatandaza vitambaa mbele yake, na usiku wakauchukua mwili wake kwa mishumaa na mienge, wakauzika kwa sala. Mtu aliyekuwa amewafundisha wengine wasiogope kifo alikipokea mwenyewe, na aliyekuwa amewafundisha kumtendea adui mema alimpa zawadi yule aliyeshika upanga.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure kwa watu wengi kuanzia mwaka 2004, tulizika vijana, tukazika wazazi wao, tukaachiwa wajukuu. Tuliyaona yale yale ya Karthago. Wako wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe, wakalazwa chumba cha uani. Wako walioambiwa, hata na watu wa dini, kwamba wanavuna walichopanda. Na katika hao waliohukumiwa hivyo walikuwamo wake waaminifu na watoto wachanga. Lakini tuliwaona na wengine. Tuliwaona akina mama wa jumuiya ndogondogo wakienda asubuhi na mapema na uji na kipande cha sabuni, wakimwogesha mtu ambaye nduguze walikuwa wamemkimbia, wakibadili shuka, wakisali naye rozari fungu moja, kisha wakirudi kwenye mashamba yao. Hawakuwa na dawa, na wengi wao hawakuwa na fedha. Walitoa kazi ya mikono yao, kama maskini wa Karthago. Na ugonjwa wa UVIKO-19 ulipokuja mwaka 2020, swali likarudi tena mlangoni petu: nani atamsogelea mgonjwa, na kwa hekima gani?

Makatekista wapendwa, ninyi ndio mnaofika msibani kabla ya Padre, na mara nyingi ninyi ndio mnaoongoza mazishi. Nawaombeni mjihadhari na majibu ya haraka. Msimwambie mama kwamba Mungu amempenda mwanawe kuliko alivyompenda yeye. Msitafute dhambi ya marehemu wala ya wazazi wake. Kama hamna la kusema, ketini. Kaeni hapo mpaka usiku wa pili na wa tatu, wakati watu wengine wamekwisha kurudi makwao. Na mahubiri yenu kaburini yawe juu ya Kristo mfufuka, ambaye hakutueleza yote juu ya mateso, bali aliingia ndani yake mpaka mwisho, akatoka upande wa pili akiwa hai.

Mtaona kwamba Injili ya leo haiishii Siloamu. Mara baada ya habari za wale 18, Bwana anatoa mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda asipate, akaagiza ukatwe. Lakini mtunza shamba akauombea: uachwe mwaka huu pia, aupalilie na kuutia mbolea, huenda ukazaa. Nadhani Bwana aliziweka habari hizi mbili pamoja kwa makusudi. Watu walimletea swali juu ya waliokufa, naye akawarudishia swali juu ya walio hai. Hakuwaeleza kwa nini mnara ulianguka juu ya hao na si juu ya wengine. Aliwaambia: ninyi mmeongezewa mwaka. Mtafanya nao nini?

Mama yule wa parokia yangu aliuliza kusali kulimfaa nini binti yake. Sasa ningethubutu kumjibu kidogo. Kusali hakukumkinga na kifo, kama kusivyomkinga Sipriani, wala Monika, wala Bwana wetu mwenyewe. Lakini binti huyo hakufa mikononi mwa mtu asiyemjua. Alimfahamu anayemwendea. Nasi tuliobaki tunayo kazi: majirani wale wasioujua mlango wa kanisa, siku mtoto wao atakapougua, na awe mama huyu wa kwanza kubisha hodi kwao. Hapo ndipo watakapojua Mungu wa binti yake ni Mungu wa namna gani.

Tuombe. Ee Bwana, uliyelia kaburini kwa rafiki yako, uwafariji wote wanaolia leo. Utuondolee ulimi wa kuwahukumu wanaoteseka. Utupe mikono isiyochoka kuwahudumia, walio wetu na wasio wetu. Na mwaka huu uliotuongezea, utujalie tuzae matunda, ili siku yetu itakapofika tuwakute kwako kwa furaha wale waliotutangulia. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.